Kesheni: maswali yenu kuhusu kumngoja Bwana

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinazunguka neno moja tu, "kesheni", agizo la Bwana Yesu kwamba tukae macho tukimngoja arudi. Wengine linawatia hofu, wengine limewachosha, na mmoja ameniuliza kwa niaba ya mwanawe. Nimechagua saba.

*Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nafanya kazi ya zamu. Nikirudi nyumbani nikapiga magoti, usingizi unanibeba kabla sijasema amina. Je, mimi ni mmoja wa wale wanawali wapumbavu?*

Asifiwe milele, dada yangu. Fungua Mathayo 25, penye mfano wa wanawali kumi waliotoka na taa zao kumlaki bwana arusi, uisome aya ya 5 polepole. Bwana arusi alipokawia, wote kumi walisinzia wakalala. Wenye busara walilala kama wapumbavu. Kilichowatenganisha ni mafuta ya taa, na hayo yalikuwa yameshatiwa vyomboni kabla usingizi haujawafikia. Mwili uliochoka kwa kazi halali haujamkosea Mungu. Bwana mwenyewe alilala chomboni kichwa chake kikiwa juu ya mto, na dhoruba inavuma.

Hata hivyo sitakuficha upande wa pili. Kule Gethsemane, usiku ambao Bwana alikamatwa, wanafunzi watatu walilala, nao wakaambiwa, "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni." Luka anasema walilala kwa huzuni. Usiku uleule, kabla jogoo hajawika, Petro aliulizwa na kijakazi akamkana Bwana wake mara tatu. Alinyimwa na usingizi saa ya kujiandaa, na jaribu halikumsubiri aamke vizuri. Kwa hiyo usijihukumu, lakini hamisha saa ya maombi. Omba kabla ya zamu, wakati akili bado ni nzima, hata kama ni dakika kumi. Mungu hakukuagiza umpe mabaki ya siku.

*Swali: Ni lazima nihudhurie mikesha ya kanisa ndipo nihesabiwe kuwa nakesha?*

Hapana. Mkesha ni msaada mzuri, na ni wa kale: Wakristo wa karne za kwanza walikesha usiku wa kuamkia Pasaka wakisoma Maandiko na kuomba hadi jogoo awike. Ukiweza, nenda. Lakini mtu anaweza kuimba hadi alfajiri, akafika nyumbani na kuwafokea watoto wake kabla hajavua viatu.

*Swali: Kuna mwalimu anasema ameipata tarehe ya kurudi kwa Yesu kutoka kitabu cha Danieli. Nimezifuata hesabu zake na zinaingia akilini. Nifanyeje?*

Ndugu yangu, hesabu za namna hiyo huwa zinaingia akilini, na hapo ndipo penye hatari. William Miller, mkulima wa Marekani aliyekuwa Mbaptisti, alizichukua zile siku 2300 za Danieli 8:14, akazihesabu kuwa miaka, akaanzia mwaka 457 K.K., akafika karibu na 1843. Muda huo ulipopita, wafuasi wake walishika tarehe 22 Oktoba 1844. Wako walioacha mazao yao shambani bila kuvuna, kwa maana nani angeyala? Kulipokucha tarehe 23 walilia kama waliofiwa. Miller alikiri kwamba alikosea, akafa mwaka 1849 akiwa bado anamngoja Bwana. Karibu na siku zetu, Harold Camping, naye Mmarekani, alitangaza 21 Mei 2011, kisha akaisogeza hadi 21 Oktoba mwaka huohuo. Mwaka uliofuata alikiri kuwa kutaja tarehe kulikuwa dhambi.

Siwacheki watu hawa. Wengi wao walimpenda Yesu kuliko mali zao, na natamani upendo huo uwe kwangu. Ila walitaka kujua jambo ambalo Bwana alisema "hakuna aijuaye", hata malaika, wala Mwana, ila Baba peke yake. Wanafunzi walipouliza tena siku ya kupaa kwake, walijibiwa kwamba si kazi yao kujua nyakati wala majira.

Tena angalia jinsi Marko 13:35 inavyougawa usiku: jioni, usiku wa manane, awikapo jogoo, asubuhi. Hizo ndizo zamu nne za walinzi wa Kirumi. Bwana alizitaja zote nne ili pasiwe na hata moja utakayoiona kuwa salama kwa kulegea. Anayekupa tarehe amekuondolea zamu tatu. Atakufanya uwe macho usiku mmoja, na siku nyingine zote uishi kama mtu asiye na bwana. Mwache na hesabu zake, na umwombee.

*Swali: Niko mwaka wa pili chuoni. Rafiki yangu ameacha masomo kwa sababu mwisho umekaribia, na ananiambia napoteza muda. Ana haki?*

Hana, mwanangu. Thesalonike nako walikuwepo walioacha kazi, wakawa wanazunguka na kujishughulisha na mambo ya wengine. Paulo aliwaandikia waziwazi: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, kula chakula asile." Ona pia mfano wa talanta, ambamo bwana anayesafiri anawakabidhi watumwa wake fedha. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi hata yule aliyepewa moja tu alikabidhiwa mshahara wa karibu miaka ishirini. Bwana anayekaribia kufunga duka haachi mtaji wa kiasi hicho mikononi mwa watumwa wake. Soma, ufaulu, na umrudie rafiki yako kwa upole kabla hajapoteza mwaka mzima.

*Swali: Mume wangu haamini. Akiniona naomba husema, "Miaka elfu mbili mnamngoja, hajaja tu?" Nimechoka kujibizana naye.*

Basi acha kujibizana, dada. Swali lake si geni. Petro aliwataja watu wanaouliza, "Iko wapi ahadi ile ya kuja kwake?" na jibu lake ni kwamba Bwana hakawii bali anavumilia, kwa kuwa hapendi mtu yeyote apotee. Mumeo amo katika hao wanaovumiliwa. Kila siku ambayo Yesu hajarudi, mlango bado uko wazi kwa mwanamume unayekula naye meza moja. Nikiwaza hivyo, kukawia kwake huniletea shukrani.

Lakini lipo jambo linalonigusa zaidi, nalo linatuhusu sisi tunaoamini. Katika Mathayo 24:48 mtumwa mbaya anasema moyoni mwake, "Bwana wangu anakawia." Hasemi hatakuja, imani yake ya mdomoni ni ileile. Na tendo la kwanza linalofuata wazo hilo ni lipi? Anaanza kuwapiga wajoli wake. Ulevi unatajwa baadaye. Kabla hajashika kikombe, ameshawageukia watumwa wenzake. Mimi hujipima hapo. Nikijiona nina maneno makali kwa watu wa nyumbani, nikiwadharau wadogo kazini, najua ndani yangu kuna mahali nimeanza kuishi kama mtu ambaye bwana wake yuko mbali. Kwa hiyo usihangaike kumshinda mumeo kwa hoja. Jinsi unavyomtendea akiwa amekuudhi ndiyo habari atakayoisoma.

*Swali: Zamani nilikuwa moto. Sasa nahudumu kwenye kwaya, nafundisha shule ya Jumapili, watu wananisifu, lakini ndani ni baridi tupu. Nianzie wapi?*

Asante kwa ukweli wako. Barua yako inafanana na hali ya kanisa la Sardi katika Ufunuo 3, lililokuwa na jina la kuwa hai, kumbe limekufa. Bwana analiambia likeshe, na waliolisikia neno hilo kule walikuwa na sababu ya kushtuka. Sardi, ambayo magofu yake yako Uturuki ya leo, ilikuwa na ngome juu ya jabali lenye kuta za mwamba zilizosimama wima. Mwaka 546 hivi K.K. Koreshi wa Uajemi aliizingira, mfalme Croesus akiwa ndani. Mwanahistoria mmoja Mgiriki wa kale anasimulia kwamba askari wa ngome aliangusha kofia yake ya chuma, akateremka jabalini kuiokota, akapanda tena. Mwajemi mmoja alikuwa akimtazama. Walipopanda kwa njia ileile hawakukuta mlinzi, kwa sababu upande huo uliaminika kuwa haupandiki. Miaka zaidi ya 300 baadaye mji ukatekwa tena, na jeshi la Antioko wa Tatu, kwa kupanda sehemu ya ukuta iliyoachwa bila ulinzi.

Ndugu yangu, mlango wako mkuu una walinzi. Huwezi kuiba wala kuzini mbele ya kwaya. Ulikoingiliwa ni upande ule uliodhani haupandiki: huduma yenyewe. Umemfanyia Bwana kazi muda mrefu bila kuzungumza naye. Neno kwa Sardi ni "ukayaimarishe mambo yaliyosalia", halikuwataka waanze kila kitu upya. Kwako kimesalia nini? Umesalia uchungu wa kujiona baridi, na maiti haisikii baridi. Anza na huo. Mweleze Mungu kwa maneno uliyoniandikia mimi. Mwombe kiongozi wako akupumzishe mwezi mmoja, ukae kwenye benchi kama msikilizaji, na umtafute mwamini mmoja mnayeaminiana akuulize kila wiki unaendeleaje. Sifa za watu zitapungua kidogo. Ziache zipungue.

*Swali: Mwanangu ana miaka saba. Tangu asikie mahubiri kuhusu unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa Yesu akirudi, anaogopa kulala. Aliniuliza, "Yesu akija nikiwa nimelala, atanipita?" Sikuwa na jibu.*

Mama, sisi wahubiri tunapaswa kuomba radhi. Tumewaogopesha watoto kwa habari ambayo kanisa la kwanza liliipokea kwa shangwe hata likaomba "Maranatha", yaani Bwana wetu, njoo. Jibu la mwanao liko katika 1 Wathesalonike 5. Aya ya 6 Paulo anasema tusilale bali tukeshe. Lakini akifika aya ya 10 anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu ili tuishi pamoja naye, tukiwa macho au tukiwa tumelala. Kukesha ni agizo letu. Kutosahaulika si kazi yetu, ni kazi yake Yeye aliyekufa.

Kaa kitandani pake leo usiku. Mwambie kwamba Yesu anamjua kwa jina, na kwamba Zaburi ya 121 inasema amlindaye hasinzii wala halali. Ombeni pamoja kwa kifupi, kisha mzimie taa.