Mtu akishaamua hazuiliki? Si kweli

Ndugu yangu, umeandika kwamba mtu akishaamua kujiua hata serikali haiwezi kumzuia. Hapo nakupinga. Wengi huwa hawajaamua, wamezidiwa tu, na lile wimbi kali mara nyingi hupita baada ya muda mfupi. Likimkuta mbali na kitu cha kumdhuru, anavuka, na wengi waliovuka hivyo hawafi kwa kujiua baadaye.

Tazama Sri Lanka. Walipiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali, kimoja baada ya kingine tangu miaka ya 1980 na 1990, na kufikia 2015 kiwango cha kujiua kilikuwa kimeshuka kwa takriban asilimia 70. Hawakumtibu kila mwananchi huzuni yake. Waliondoa sumu dukani.

Huku kwetu Kenya tulikuwa na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. (Tulichelewa mno, ukiniuliza.) Nani angemwambia daktari ukweli akijua huenda akaishia selo?

Kuhusu jirani yako wa Kayole, Nairobi, uliyeandika kwamba unamhofia: muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, mara nyingi humpa nafuu. Laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo, pigeni pamoja. Na leo usiku asilale peke yake.