Kabla ya kufungulia maji shimoni

Wadogo zangu mliopangiwa kitengo cha kufunga mgodi, nawaandikia mapema, kabla hamjaizoea ile michoro ya shimo lililogeuzwa ziwa la buluu na mashua zake. Mimi kazi hii nilijifunza Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, ambako mashimo ya makaa ya kahawia yamekuwa yakigeuzwa maziwa tangu miaka ya 1960. Ziwa Senftenberg lilijazwa kati ya 1967 na 1972, na leo watu wanaogelea humo. Ukiliona utadhani kuna mtu alizima pampu za kukausha mgodi akaenda zake nyumbani.

Nami nilidhani hivyo. Siku yangu ya kwanza kwenye ziwa changa nilikuta maji maangavu, mchanga wa chini unaonekana. Nikamwambia msimamizi wangu, mama mmoja asiyecheka ovyo, kwamba haya ni safi kabisa. Akanikabidhi kipimo bila neno. pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho 7 si tindikali wala magadi, ilisoma 3. Maji yaling'aa kwa sababu karibu hakuna kilichoweza kuishi humo. Na kila namba moja inaposhuka, tindikali huzidi mara kumi: kutoka 7 hadi 3, imeongezeka mara 10,000.

Chanzo ni kifusi. Mchanga uliofukuliwa una pairiti, yaani chuma na salfa vilivyoshikamana. Ikiwa imezama chini ya maji imetulia. Ikipigwa na hewa kwa miaka inazaa tindikali. Sasa zima pampu uone: maji ya ardhini yanarudi polepole, yanapenya kifusi, yanabeba tindikali na chuma mpaka shimoni. Ndiyo maana wenzetu huvuta maji ya mto na kujaza haraka. Ziwa likiwa juu kuliko maji ya ardhini yanayolizunguka, maji hutoka ziwani kwenda kwenye kifusi, si kinyume chake. Chora jambo hili kwenye daftari hadi likukae. Hata hivyo boti za kumwaga chokaa ya kupunguza tindikali huja, na baada ya muda hurudi tena.

Mto nao si wako. Shimo la Cottbus-Nord, la takriban hekta 1,900, lilianza kujazwa Aprili 2019, na ikabidi kusimamisha kila mto Spree ulipopungukiwa maji, maana mto huohuo unakwenda Berlin. Atakayekuuliza ziwa litajaa lini, mjibu kwa mvua, usimjibu kwa tarehe.

Kuhusu kingo sina mzaha. Kifusi cha mchanga kilichomwagwa tu kina punje zilizolegea. Maji yakipanda ndani yake, mtikisiko mdogo unatosha kukifanya kitiririke kama uji. Ndiyo sababu kingo hushindiliwa kwanza, kwa vyuma virefu vinavyotetemeshwa ardhini au hata kwa baruti. Alfajiri ya tarehe 18 Julai 2009, huko Nachterstedt, kipande cha ukingo kiliporomokea ziwani pamoja na nyumba, na watu watatu wakafa. Ukiona uzio wenye tangazo la hatari, usiuruke kwa sababu sampuli yako iko upande wa pili. Nimewaona wahandisi wazima wakifanya hivyo.

Mtakaorudi Geita au Kahama msinakili ya Lausitz. Mashimo ya dhahabu ni ya mwamba mgumu, kuta zimesimama, kina ni kikubwa ukilinganisha na upana. Huko mchanga kutiririka si hofu yenu kubwa, ila mtu au ng'ombe akitumbukia hana pa kupandia. Tena maji ya shimo la namna hiyo yanaweza yasichanganyike: juu mazuri, chini yamejaa chumvi na metali.

Hilo la kuchanganyika lilinigharimu. Niliwahi kuandika ripoti nzima kwa chupa za juu tu, zilizochotwa nikiwa nimeinama kwenye boti. Yule mama aliisoma ukurasa mmoja, akauliza kamba yangu ina mita ngapi. Jumatatu nilikuwa ziwani tena, na kamba mpya begani.