Pedeli ya mafuta ya umeme: nirudishe kebo?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Gari langu dogo la Kijapani la mwaka 2008, la otomatiki, likipita kwenye mashimo taa ya injini inawaka na nguvu zinaisha hata nikikanyaga mafuta mpaka chini. Nikizima na kuwasha linakuwa sawa. Mashine ya kupima hitilafu imesoma kodi P2138. Fundi wa mtaani anataka kung'oa mfumo huu wa umeme anifungie throto ya kebo, yaani mlango wa hewa ya injini unaovutwa na waya kutoka kwenye pedeli. Nikubali? Naogopa siku moja litakimbia lenyewe.

JIBU: Ndugu yangu, usikubali. Huko kuishiwa nguvu ndiko kulindwa kwenyewe.

Pedeli yako ina sensa mbili zinazopeleka volti kwenye kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, nayo inaiamuru mota ndogo ifungue kisahani cha hewa ndani ya throto. Ni mbili kwa makusudi: moja ikisema umekanyaga nusu na nyingine ikasema robo, kontrolboksi haiziamini, inabana nguvu. P2138 maana yake ndiyo hiyo, sensa za pedeli hazipatani. Kebo iliyochakaa ikinasa, hakuna wa kuizuia.

Tena kisahani hichohicho ndicho kinachoshikilia sailensa, yaani injini kuunguruma bila kukanyaga mafuta. Injini za kebo zilikuwa na valvu ya pembeni kwa kazi hiyo, yako haina. Ukifunga throto ya kebo, AC ikiwaka nani ataongeza hewa injini isizime? Na gia za otomatiki hubadilika kwa kutegemea taarifa za throto hiyo.

Kwa kuwa tatizo linakuja kwenye mashimo, mimi ningeanza na soketi ya pedeli: kutu, maji, pini zilizolegea, waya uliosuguliwa na bodi. Kisha washa swichi bila kuwasha injini, pima waya mbili za ishara huku mwenzako akikanyaga polepole. Volti zote mbili zipande taratibu bila kuruka. Zikiruka unapotikisa waya, tengeneza waya. Zikiruka waya zimetulia, pedeli imekufa. Nunua nzima yenye namba ileile ya kipuri.

Kuhusu kukimbia lenyewe, breki zako bado ni za mafuta ya breki, hazipitii kwenye pedeli hii. Ikitokea, kanyaga breki kwa nguvu zote, peleka gia N. Na leo hii angalia kapeti ya miguuni isifike kwenye pedeli. Nimewahi kuikuta imeikandamiza.