Juisi ya boksi au tunda zima: nimtilie nini mtoto kwenye mfuko wa shule?

SWALI: Docta, mtoto wangu ana miaka 5, anasoma hapa Kadutu. Kila asubuhi namtilia kiboksi cha juisi ya machungwa cha mililita 250, kwa kuwa kimeandikwa «riche en vitamine C» (vitamini C nyingi) na «sans sucre ajouté» (bila sukari ya kuongezwa). Bibi yake anasema napoteza pesa, heri nimnunulie marakuja na ndizi sokoni. Nani anasema kweli? Na nikimkamulia mwenyewe nyumbani, si itakuwa sawa na tunda? (Mama wa Bukavu)

JIBU: Mama, bibi yake anasema kweli, ingawa kiboksi chako hakina sumu yoyote.

Nianze na vitamini, maana ndiyo iliyokufanya ununue. Kiwandani juisi hupashwa moto ili kuua vijidudu. Moto na hewa hupunguza vitamini C, kwa hiyo viwanda vingi huirudisha, na utaisoma kwenye boksi kama «acide ascorbique» au E300. Mwili hauitofautishi na ile iliyotoka mtini. Kwa hilo hukudanganywa.

Sasa geuza boksi, utafute mstari wa «dont sucres», yaani kiasi cha sukari. Juisi tupu ya machungwa, bila sukari ya kuongezwa, huwa na gramu 8 hadi 10 za sukari katika kila mililita 100. Kiboksi kizima basi ni gramu 20 na zaidi, yaani vijiko vya chai vitano au sita. Mwaka 2015 OMS, Shirika la Afya Duniani, ilishauri sukari ya aina hii isizidi asilimia 10 ya nguvu za chakula cha siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25; kwa mtoto wa miaka 5 ni chini ya hapo. Na OMS huhesabu sukari ya juisi hata kama imetoka kwenye tunda lenyewe, lakini ya tunda zima haihesabu.

Kwa nini? Katika tunda, sukari imefungiwa ndani ya nyama yake yenye nyuzinyuzi. Meno hufanya kazi, tumbo hufanya kazi, sukari huingia damuni polepole. Jarida la Lancet lilichapisha jaribio mwaka 1977: watu walewale walipewa tofaa zima, tofaa lililopondwa, na juisi ya tofaa, vyote vyenye sukari sawa. Juisi ilimalizika mara 11 haraka kuliko matofaa mazima, iliwashibisha kidogo kuliko vyote, na baadaye sukari ya damu ikashuka zaidi. Mtoto aliyekunywa juisi saa moja asubuhi anaweza kuwa na njaa mapema, na mwalimu akadhani ni mvivu. Hilo linaniuma.

Ndiyo maana juisi unayokamua na kuchuja nyumbani haiokoi sana: ukishatupa makapi, umetupa kile kilichokuwa bora. Ukiisaga nanasi au embe bila kuchuja, uko katikati. Zaidi ya hayo, hapa kwetu ambapo kipindupindu hakijaisha, maji unayoongezea lazima yawe yamechemshwa au kutiwa dawa. Juisi ya kuuzwa kwenye ndoo barabarani siwezi kumshauri mtu ampe mtoto. Hapo boksi lililofungwa ni salama zaidi.

Soma pia jina la kinywaji. «Nectar» ni juisi iliyoongezwa maji, mara nyingi na sukari. Tunda lenyewe laweza kuwa robo tu. «Boisson aromatisée» ni maji, sukari na harufu.

Kwa mfuko wa shule, mtilie ndizi moja, au chungwa ambalo umeshalimenya kwa mikono safi, na chupa ya maji. Ndizi ina ngozi yake, haihitaji kuoshwa shuleni. Marakuja mkatie nyumbani, ale kwa kijiko pamoja na mbegu zake, kwani nyuzinyuzi nyingi ziko humo. Maembe ya Uvira yakishuka bei, usiyaache: embe na papai humpa mtoto pia kiini cha vitamini A, kinacholinda macho. Na siku ya maharagi na sombe (majani ya muhogo), mpe chungwa papo hapo mezani. Vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo katika mboga hizo.

Akililia kiboksi, usimnyime ghafla. Mpe nusu glasi wakati wa chakula, si zaidi ya mara moja kwa siku, halafu apige meno mswaki kabla ya kulala. Lakini akiharisha, juisi iache kabisa, ya boksi na ya nyumbani, kwa sababu sukari nyingi huvuta maji tumboni na kuzidisha kuhara. Mpe SRO, ile dawa ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini, umpeleke santé (kituo cha afya) mapema.