Usugu ni wa dawa au ni wa vimelea?

SWALI: Mwalimu, salaam. Ninauza katika duka la dawa muhimu, na ukutani tumebandika bango lenye maneno "Usugu wa dawa unaua". Juzi mteja mmoja, mzee wa makamo, alilisoma akaniambia, "Kumbe dawa zenu ndizo sugu, binti yangu? Basi nipe zile zisizo sugu." Nilicheka, lakini baadaye nikajiuliza kama kosa ni lake au ni la bango. Semina tunazohudhuria hutumia "usugu dhidi ya dawa", redioni nasikia "usugu wa dawa", mahali pengine nimeona "dawa sugu", na mwenzangu kazini hashiki lingine ila "usugu kwa dawa". Lipi sahihi? Na ile hali ya vimelea vya malaria kuchelewa kufa, ambayo mkufunzi wetu aliiita "usugu nusu", je, jina hilo linafaa?

JIBU: Mzee wako hakukosea. Alisoma maneno yale kama Mswahili yeyote anavyoyasoma, na bango ndilo lililompotosha.

Tuanze na sarufi. "Usugu" ni nomino ya dhahania iliyoundwa kutokana na "sugu" kwa kuongezewa u- mwanzoni, kama "uzuri" unavyotokana na "zuri" na "ukali" unavyotokana na "kali". Nomino za namna hii zikifuatwa na -a unganifu, kinachotajwa baada yake huwa ndicho chenye sifa hiyo: katika "uzuri wa nyumba" nyumba ndiyo nzuri, katika "ugumu wa mtihani" mtihani ndio mgumu, na katika "ukali wa dawa" au "ubora wa dawa" dawa ndiyo iliyo kali au bora. Msomaji aliyekua na mifano hiyo masikioni akikutana na "usugu wa dawa", hana sababu ya kudhani kwamba safari hii sifa ni ya mwingine asiyetajwa. Atahitimisha kwamba dawa ndiyo sugu.

Wapo watakaotetea bango kwa kusema kwamba -a unganifu haina maana moja, na hoja yao ina uzito. "Dawa ya mbu" inamuua mbu, "dawa ya kikohozi" inakiondoa kikohozi, ilhali "dawa ya usingizi" inauleta usingizi na "dawa ya mapenzi", kwa wanaoiamini, inayaleta mapenzi. "Chanjo ya surua" na "kinga ya malaria" nazo hazitupi shida yoyote, ingawa hakuna anayedhani kwamba surua imechanjwa au kwamba malaria imekingwa. Kwa nini basi "usugu wa dawa" usieleweke hivyo hivyo? Kwa sababu dawa, chanjo na kinga ni vitu vya kutumia, na -a inayofuata hutaja kazi ya kitu hicho. Usugu si kitu cha kutumia bali ni hali, na hali humhitaji mwenyewe. Siwezi kusema kwamba "usugu wa dawa" ni kosa la sarufi, maana umeenea mno na walioanza kuutumia wanajua wanachokisema. Ninachosema ni kwamba unaeleweka na aliyekwisha kuelezwa tu, na bango hubandikwa kwa ajili ya ambaye hajaelezwa.

Neno "sugu" lenyewe linatuonyesha mahali pa kuuweka usugu huo. Kabla halijawa kivumishi cha wadaiwa na wahalifu, lilikuwa, na bado ni, jina la ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa: ya kiganjani kwa mshika jembe, ya kipaji cha uso kwa mwenye kusujudu sana. Sugu huota kiganjani wala haioti kwenye mpini. Dawa hapa ndiyo mpini na kimelea ndicho kiganja, ingawa mfano huu usivutwe sana, kwa sababu kimelea kimoja hakikomai kidogo kidogo kwa kuguswa na dawa. Kinachotokea ni kwamba vimelea vinavyodhurika hufa, na vichache vilivyozaliwa na badiliko la kijenetiki linalovinusuru hubaki na kuzaana hadi vikawa wengi wa kundi. Ndiyo maana hata "vimelea vimezoea dawa", usemi ninaoupenda kwa urahisi wake, haulingani kabisa na mambo yalivyo.

Kwamba dawa yenyewe haigeuki kuna ushahidi mzuri kutoka Malawi. Nchi hiyo iliacha kutumia klorokwini mwaka 1993 kwa sababu ilikuwa haiponyi tena. Mwaka 2005 watafiti mjini Blantyre waliijaribu upya kwa watoto wenye malaria isiyo kali, na kati ya watoto 80 waliofuatiliwa baada ya kupewa klorokwini, ni mmoja tu ambaye tiba ilishindwa. Molekuli ilikuwa ile ile iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1934. Kilichobadilika katika miaka hiyo 12 ni vimelea: dawa ilipoondoka, vile vyenye badiliko vilipoteza faida yao na vile vinavyodhurika vikarudi kutawala. Kama usugu ungekuwa wa dawa, klorokwini ingebaki nao kabatini.

Utafiti wa sasa kuhusu artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto unazouza, unatuonyesha jambo hilo kwa karibu zaidi. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, na katika kuimeng'enya huachia hemu yenye madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachovunja daraja la atomu mbili za oksijeni lililomo katika molekuli ya artemisinini, na hapo ndipo dawa inapoamka na kuanza kuziharibu protini za kimelea. Kwa hiyo kimelea hujiua, tuseme, kwa ulaji wake. Sasa, vimelea vyenye mabadiliko fulani katika jeni iitwayo kelch13 hula himoglobini kidogo vinapokuwa bado vichanga. Chuma huwa kidogo, na dawa nyingi hupita bila kuamshwa. Mabadiliko ya jeni hiyo, yaliyothibitishwa kwanza Kusini-Mashariki mwa Asia, yamekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na Eritrea, na kwetu Tanzania yameripotiwa katika mkoa wa Kagera, hasa Karagwe. Katika maelezo yote hayo hakuna mahali dawa ilipobadilika. Kilichofunga mdomo ni kimelea.

Ninalisisitiza hili kwa sababu dukani kwako usemi mmoja usio wazi huchanganya mambo matatu. La kwanza ni hili la vimelea kushindana na dawa. La pili ni mwili wa mgonjwa kuizoea dawa, kama inavyotokea kwa mofini, ambapo kipimo kilichotuliza maumivu mwanzoni baadaye hakitoshi; hapo hakuna kimelea chochote. La tatu ni dawa yenyewe kupungua nguvu kwa kukaa kwenye joto au kupitwa na tarehe, au kuwa duni tangu ilipotoka kiwandani. Mteja anayesema "mwili wangu umekuwa sugu" amehamisha usugu kutoka kwa kijidudu akauweka kwake. Anayesema "dawa zimekuwa sugu" ameuhamishia kwenye rafu yako. Kila mmoja ataondoka na shauri lake: wa kwanza ataongeza dozi kwa akili yake, wa pili atahamia duka jingine.

Sasa nije kwenye orodha yako. "Dawa sugu" iachwe kabisa kwa maana hii. "Kifua kikuu sugu" ni sawa na kimeshazoeleka hospitalini, kwa sababu pale ugonjwa unasimama badala ya vimelea vyake, lakini kumbuka kwamba "magonjwa sugu" hutumika pia kwa yale ya kudumu, kama kisukari na shinikizo la damu, ambayo hayana vimelea vya kushindana na dawa. Mtu akikuambia ana "malaria sugu", muulize kwanza anakusudia nini. Mara nyingi anamaanisha kwamba humrudia kila baada ya muda, na huenda ameumwa upya na mbu wengine kabisa.

"Usugu kwa dawa" si kosa, lakini "kwa" ni neno lenye kazi nyingi. Tunasema "tiba kwa dawa" tukimaanisha tiba inayotumia dawa, na msomaji mwepesi anaweza kuusoma "usugu kwa dawa" kuwa usugu ulioletwa na dawa. "Kwa" inakaa vizuri zaidi ikifuata kivumishi: "vimelea sugu kwa artemisinini" ni maneno mafupi na hayana utata. Panapohitajika nomino, "usugu dhidi ya dawa" ndiyo ninayoipendekeza, tena kwa kumtaja mwenye usugu, kama inavyofanya istilahi ya sekta ya afya nchini Tanzania, "usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa", ambayo kifupi chake ni UVIDA. Ni ndefu, lakini kila aliyemo ametajwa na amekaa mahali pake: -a imempa kimelea usugu wake, na "dhidi ya" imeiweka dawa upande wa pili wa ugomvi.

Hata hivyo istilahi ndefu haifai kwenye bango, na hapo ninakushauri uachane na nomino. Kiswahili kilikuwa na namna yake ya kulisema jambo hili kabla ya semina hazijaanza: kidonda "hakisikii dawa", homa "haisikii dawa". Angalia jinsi usemi huo ulivyo sahihi hata kwa mizani ya maabara, kwa kuwa asiyesikia ni ugonjwa na dawa imebaki kuwa dawa. "Vijidudu visivyosikia dawa vinaua" ni maneno manne tu, na mzee yule angeyaelewa bila kukusumbua. Kama unaona "kusikia" ni lugha ya mtaani mno, andika "vijidudu vinavyohimili dawa". Mimi sioni hivyo.

Lipo jambo moja ambalo hukuniuliza, lakini huwatia waandishi wa habari mashakani kila utafiti mpya unapotangazwa. "Sugu" ni kati ya vivumishi visivyopokea kiambishi cha upatanisho, kama "safi", "bora" na "ghali". Tukisema "dawa ya vidonda vikubwa", vi- inatuambia kwamba vikubwa ni vidonda. Tukisema "dawa ya malaria sugu", hakuna kinachotuambia kama sugu ni malaria au ni dawa. Mwezi Novemba 2025 kampuni ya dawa ya Novartis na MMV, shirika linaloshughulikia utafutaji wa dawa mpya za malaria, walitangaza matokeo ya jaribio la awamu ya tatu la dawa inayounganisha kiambata kipya, ganaplasidi, na lumefantrini ya kunywa mara moja kwa siku. Washiriki walikuwa 1,688, watu wazima na watoto, katika nchi 12 za Afrika, na kiwango cha kupona kilikuwa asilimia 97.4 kikilinganishwa na asilimia 94.0 kwa dawa mseto iliyozoeleka. Ganaplasidi huvuruga njia ambazo kimelea hutumia kusafirishia protini ndani yake, njia tofauti na ile ya artemisinini, ndiyo maana ilitarajiwa kuviua hata vimelea vyenye mabadiliko ya kelch13, na watangazaji walisema matokeo yalilionyesha hilo. Habari kama hiyo ikipewa kichwa "Dawa ya malaria sugu yafaulu", msomaji anaachwa akisie. "Dawa mpya yaua vimelea sugu vya malaria" haina mahali pa kukisia, kwa sababu vi- ya "vya" inamfunga "sugu" katikati ya vimelea na malaria.

Nimalizie na "usugu nusu". Hali inayotajwa ni hii: mgonjwa amepewa dawa yenye artemisinini, na baada ya saa 72 vimelea bado vinaonekana kwenye darubini, ilhali vilitakiwa viwe vimeisha. Mara nyingi bado anapona, kwa sababu dawa ya pili iliyomo katika mseto humalizia kazi, na kwa sababu ni vimelea vichanga tu vinavyonusurika huku vilivyokomaa vikifa kama kawaida. "Nusu" inadokeza kipimo, kana kwamba vimelea hamsini katika mia vimegoma, na hakuna aliyepima hivyo. Isitoshe, Kiswahili huitanguliza "nusu" katika miundo ya namna hii, kama katika "nusu mfu" na ile "nusu kaputi" ya chumba cha upasuaji, kwa hiyo "usugu nusu" unapwaya hata masikioni. Nimeombwa maoni pia kuhusu "usugu wa sehemu". Huo ni mbaya zaidi, maana msomaji ataelewa usugu wa mahali fulani, na kwa kuwa ni kweli kwamba hali hii imeonekana katika baadhi ya maeneo tu, hatagundua kwamba ameelewa kitu kingine.

Chaguo langu ni "usugu usio kamili". Katika ripoti andika kwa ukamilifu mara ya kwanza, "usugu usio kamili wa vimelea vya malaria dhidi ya artemisinini", kisha ufupishe. Mbele ya mteja huhitaji istilahi yoyote: mwambie kwamba vimelea vya siku hizi katika baadhi ya maeneo huchelewa kufa, kwa hiyo vidonge vya siku ya tatu vina kazi hata kama homa ilishuka siku ya pili, na kwamba homa ikirudi, arudi kupima kabla ya kununua dawa nyingine.