Kwa nini nasema uanzie Austin

Mwanangu,

Ujumbe wako niliukuta nilipotoka zamu ya usiku. Uliniuliza: "Mama, kama kweli nitagombea, mbona unanisukuma kwenye Bunge la jimbo? Mambo makubwa si yako Washington?" Ukaambatanisha na picha ya sanamu ya Barbara Jordan, yule mwanasiasa Mweusi wa Texas, ile aliyoketi pale uwanja wa ndege wa Austin, mji mkuu wa jimbo letu, ukasema hata huyu dunia ilimjulia Washington. Nikaona hili si la kujibu kwa simu.

Ni kweli ilimjulia huko. Julai 25, 1974, kamati ya Kongresi, yaani Bunge la Washington, ilipokuwa ikijadili kumwondoa Rais Nixon, aliieleza Katiba kwa dakika chache tu na nchi nzima ikamsikiliza. Lakini mwanamke aliyekaa mbele ya kamera usiku ule alikuwa ameshapikwa akaiva, na jiko lilikuwa Austin.

Alizaliwa Houston hapahapa, mtaa wa Fifth Ward, mwaka 1936. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti na karani wa ghala. Alisoma sheria Boston, akarudi nyumbani, akaanza uwakili kwenye meza ya chakula ya wazazi wake. Mwaka 1962 aligombea Baraza la Wawakilishi la Texas, ambalo pamoja na Seneti ndilo Bunge la jimbo, akashindwa. Mwaka 1964 akarudi, akashindwa tena.

Hapa nakuomba usome taratibu, mama. Hakushindwa kwa kukosa maneno. Sauti yake ilikuwa ya kumsimamisha mpita njia. Kilichomshinda ni utaratibu. Siku hizo mgombea wa Kaunti ya Harris, yenye Houston yetu, alipigiwa kura na kaunti nzima, kwa hiyo mitaa ya Weusi hata ikimpa kura zake zote, zilimezwa na za Wazungu waliokuwa wengi. Na kupiga kura za jimbo kulikuwa na kodi yake, ulipe kwanza ndipo upige. Baadaye mahakama zikaamuru mipaka ichorwe upya kufuata idadi ya watu. Mwaka 1966, mitaa hiyo ilipopata eneo lake la uchaguzi, Barbara akaingia Seneti ya Texas. Hakuna Mweusi aliyekuwa amekaa humo tangu 1883. Maseneta 31, mwanamke yeye mmoja, wengine 30 wote wanaume.

Sasa ulizia nani huchora mipaka hiyo, hata ya viti vya Washington. Ni Bunge la jimbo. Eneo la Houston lililompeleka Kongresi kwenye uchaguzi wa 1972 lilichorwa Austin, yeye akiwa seneta humohumo.

Ila ninachokipenda zaidi ni alivyojifunza kuhesabu. Seneti ile ilikuwa na kanuni kwamba mswada haufikishwi kwenye mjadala bila theluthi mbili kukubali. Maana yake watu 11 wakisimama pamoja, mswada umelala. Ulipoletwa mswada wa kuwawekea wapiga kura masharti mapya ya kujiandikisha, hakuanza kwa hotuba, yeye ambaye angeweza kuhutubia mpaka kuta zisikie. Alikwenda kwa seneta mmoja mmoja, akiomba ahadi, mpaka akapata 10. Pamoja naye, 11. Mswada ukafa kimyakimya. Kwa njia hiyohiyo ya kukaa na watu, hata wasiompenda, alisaidia kupitisha sheria ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara Texas, kwa wafanyakazi ambao sheria ya shirikisho haikuwafikia. Mimi niliyeanza nchi hii kwa kufagia ofisi usiku, hilo nalitazama kuliko hotuba zote.

Sikufichi ugumu. Bunge la Texas hukaa kwa kawaida siku 140 katika kila miaka 2, na malipo ni dola 600 kwa mwezi. Kazi yako utaihitaji. Na kuna siku moja ya maisha yake ambayo kila nikiikumbuka nanyamaza. Juni 10, 1972, kwa kuwa maseneta walikuwa wamemchagua kuwa rais wa muda wa Seneti, alikaa kiti cha ugavana kwa siku moja. Baba yake alikuja kumwona akiapishwa. Siku hiyohiyo akaugua ghafla, akakimbizwa hospitali, na kesho yake akafariki. Nashukuru kwamba alimwona kwanza.

Washington alikaa miaka 6 tu. Ugonjwa wa neva ulikuwa umeshamwingia mwilini, akarudi Austin kufundisha chuo kikuu, mwishoni akifundisha kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Januari 1996, akazikwa katika makaburi ya jimbo, hukohuko Austin.

Basi Jumamosi njoo nyumbani. Nitapika wali wa nazi. Uje na ramani ya eneo letu la Baraza la Wawakilishi na matokeo ya kura kituo kwa kituo, nami nitakuonyesha majengo ambayo nawajua akina mama wa kila ghorofa. Tuanze kuhesabu.

Mama yako