Uanzie wapi kusoma utawala wa umma

Mdogo wangu, umesema unafanya kazi Kariakoo, jioni ndiyo muda wako, na unataka misingi ya utawala wa umma kabla hujalipia chuo. Vizuri sana.

Anza na Katiba ya Tanzania ya 1977, hasa Ibara ya 145 na 146 zinazohusu serikali za mitaa. Usiikariri. Isome huku ukiuliza: nani anaamua, nani anatekeleza, nani anamwajibisha?

Kisha chukua manispaa moja, tuseme Temeke, uifuatilie. Meya anachaguliwa na madiwani wenzake, ila mkurugenzi anateuliwa na Rais. Madiwani wanapitisha bajeti, lakini anayesimamia matumizi ni mkurugenzi. Ukielewa mvutano huo umeshaelewa nusu ya somo, maana ndipo siasa na utumishi zinapokutana. Angalia pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hapo utaona sera ikigeuka fedha, fomu na foleni.

Nenda kwenye mkutano wa mtaa wako, usikilize mapato na matumizi yakisomwa. Wengi wanaosoma fani hii hawajawahi kukaa hata kikao kimoja, na mimi hilo linaniuma.

Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huwasilishwa bungeni kila Aprili. Soma sehemu ya serikali za mitaa. Ni ndefu, kwa hiyo anza na muhtasari.

Nadharia za Max Weber, msomi wa Kijerumani aliyeandika kuhusu urasimu, zitakuja baadaye, chuoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wanafundisha fani hii, na Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi hapo Magogoni.